Hesi ya Bolti: Jambo Dogo Lenye Uzito Mkubwa

Katika vyombo vyote vinavyomtumikia binadamu, tangu baiskeli hadi garimoshi, na tangu bomba la maji hadi ndege, kuna kitu kimoja ambacho wengi wetu hatukitazami mara mbili. Kitu hicho ni hesi, yaani ule mfereji unaozunguka mwili wa bolti na ule unaozunguka ndani ya nati, ambao mafundi wengi huuita meno. Injini husifiwa kwa nguvu zake na gurudumu kwa mwendo wake, lakini ni nadra kumsikia mtu akiisifu hesi. Hata hivyo, hesi isiposhika, injini haina kinachoishikilia mahali pake, na gurudumu hubakia barabarani gari likiwa limekwisha kwenda zake.

Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Madhumuni ya makala hii ni kuwaeleza wasomaji wetu jinsi hesi inavyofanya kazi, kwa nini imechongwa kwa maumbo mbalimbali, na kwa nini bolti mbili zinazofanana machoni zaweza kuwa mbali kama mashariki na magharibi. Haya si mambo ya mainjinia peke yao. Yanamhusu dereva, mwenye mashine ya kusaga nafaka, fundi wa bomba, mwenye pikipiki, na mama anayefunga mtungi wa gesi jikoni.

MLIMA ULIOZUNGUSHWA

Msomaji na achukue karatasi, aikate kwa umbo la pembetatu yenye mteremko mrefu, kisha aizungushe kwenye penseli. Ukingo ule uliokuwa mteremko utapanda penseli kwa kuzunguka. Hiyo ndiyo hesi. Kila anayekaza nati, kwa hakika anausukuma mzigo kupanda mlima. Lakini kwa kuwa mlima wenyewe ni mrefu na mteremko wake ni mdogo, nguvu ndogo ya mkono hugeuka kuwa nguvu kubwa ya kubana. Hii ndiyo sababu mtu mmoja mwenye jeki aweza kuinua lori ambalo watu ishirini wasingeweza kulisogeza.

Ili tuelewane vizuri, yafaa tutaje viungo vya hesi. Sehemu ya juu kabisa ya jino huitwa kilele, na ya chini kabisa ni bonde. Kati ya kilele na bonde kuna ubavu, na ubavu huo ndio unaobeba mzigo. Umbali kutoka kilele kimoja hadi kile kinachofuata huitwa hatua. Nati ikizungushwa mara moja kamili husogea mbele hatua moja. Mwishowe kuna pembe iliyopo kati ya mbavu mbili zinazotazamana. Mambo haya, pamoja na unene wa bolti, ndiyo yanayoipa hesi jina na kabila lake.

UMBO HUFUATA KAZI

Hesi inayojulikana zaidi ni ile ya pembetatu, ambayo meno yake yana ncha kama paa la nyumba. Bolti nyingi za magari na mashine zina umbo hili, na sababu yake ni ya maana. Ubavu ukiwa umeinama, nati na bolti hubanana kama kabari ndani ya ufa. Kwa pembe ya digrii 60, msuguano kati yao huzidi kwa kadiri ya asilimia 15 kuliko ule wa hesi yenye mbavu zilizosimama wima. Kwa kitu kinachotakiwa kukaa kimya na kushika, msuguano huo ni rafiki. Isitoshe, jino la pembetatu lina kitako kipana, kwa hiyo si rahisi kukatika.

Lakini jeki na jiliwa hazihitaji kukaa kimya. Zinahitaji kusukuma mzigo mara kwa mara. Humo msuguano ni mwizi wa nguvu. Kwa ajili hiyo wahunzi wa zamani walichonga hesi ya mraba, yenye mbavu zilizosimama wima na kilele bapa. Hesi ya mraba hupoteza nguvu kidogo kuliko ya pembetatu, tena haijaribu kuipasua nati kwa kuisukuma kando. Kasoro zake ni mbili. Ni ngumu kuchongwa kwa mashine ya kukereza, na kitako cha jino lake ni nusu tu ya hatua, kwa hiyo jino ni dhaifu.

Ndipo wataalamu walipotafuta njia ya katikati. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Marekani ilitokea hesi iitwayo Acme, yenye pembe ya digrii 29. Nchi zinazotumia vipimo vya mita nazo zikashika hesi ya namna hiyo hiyo yenye pembe ya digrii 30. Jino lake ni pana chini na jembamba juu, mithili ya tuta la shamba lililosawazishwa kileleni. Msomaji akitazama skrubu ndefu inayosogeza kisu cha mashine ya kukereza, au ile ya jiliwa kubwa karakanani, mara nyingi ataikuta hesi ya ukoo huu.

Kuna pia hesi ya upande mmoja, ambayo ubavu wake mmoja umekaribia kusimama wima na wa pili umelala kwa digrii kama 45. Hii ni ya mahali ambapo mzigo hutoka upande mmoja tu siku zote. Ubavu uliosimama hupokea mzigo, na ule uliolala huwa kama nguzo ya kuuegemeza. Katika mizinga mikubwa, kizibo cha nyuma kinachozuia mshindo wa baruti usimrudie mpigaji hufungwa kwa hesi za namna hii. Mara nyingi sehemu za hesi hizo huwa zimeondolewa kwa vipande, ili kizibo kiingie moja kwa moja na kufunga kwa kuzungushwa kidogo tu. Hapo hakuna nafasi ya kukisia. Uhai wa askari wanaokihudumia chombo hicho unaning'inia kwenye mbavu za chuma zilizochongwa sawasawa.

Hatimaye kuna hesi ya mviringo, ambayo vilele na mabonde yake yote ni laini kama mawimbi. Kitako cha taa ya umeme cha kuzungusha kina hesi hii, nayo hufinyangwa katika bati jembamba. Viungio vya skrubu vya mabehewa ya reli pia huwa na hesi ya mviringo, kwa sababu kiungio cha behewa hupigwa, hudondoshwa chini na kujaa mchanga. Jino lenye ncha lingevunjika upesi. Jino la mviringo huvumilia.

MTU WA KWANZA KULETA UTARATIBU

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, kila karakana ya Ulaya ilichonga hesi yake kama ilivyopenda. Bolti na nati yake zilibidi kutunzwa pamoja ili zisiachane, kwa maana nati ya bolti moja haikuingia kwenye bolti ya pili hata kama zilitoka mkononi mwa fundi mmoja. Mwingereza Henry Maudslay, aliyefanya kazi London, aliitengeneza mashine yake ya kukerezea hesi karibu na mwaka 1800, na kwa mashine hiyo hesi ziliweza kurudiwa kwa usahihi ambao mkono usingeweza kuufikia.

Mmoja wa mafundi waliopitia katika karakana ya Maudslay ni Joseph Whitworth, aliyeanzisha kazi yake mwenyewe mjini Manchester mwaka 1833. Whitworth alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, akatafuta wastani wake. Mwaka 1841 alitoa pendekezo lake mbele ya chama cha wahandisi wa ujenzi mjini London. Alipendekeza pembe moja ya digrii 55 kwa bolti zote, vilele na mabonde ya mviringo, na idadi maalumu ya meno katika inchi moja kwa kila unene wa bolti. Makampuni ya reli yalikuwa miongoni mwa waliouona upesi uzuri wa mpango huo.

Faida yake ilidhihirika katika Vita vya Crimea, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1853 na 1856. Serikali ya Uingereza ilipohitaji injini za mashua za mizinga zipatazo tisini kwa muda mfupi mno, mhandisi John Penn aligawa sehemu za injini hizo katika karakana mbalimbali nchini. Kila karakana ilichonga kipande chake, na vipande vilipokusanywa viliingiana. Bila hesi ya aina moja, kazi hiyo isingewezekana.

Wamarekani hawakuifuata njia ya Whitworth. Mwezi wa Aprili 1864, William Sellers wa Philadelphia alieleza kwamba pembe ya digrii 55 ni taabu kuipima, na kwamba vilele vya mviringo huhitaji vyuma vingi vya kuchongea na fundi hodari. Yeye alipendekeza pembe ya digrii 60, ambayo ni pembe ya pembetatu yenye pande tatu sawa, pamoja na vilele bapa ambavyo fundi wa kawaida aweza kuvichonga. Nchi za bara la Ulaya zilikutana Zürich mwaka 1898, nazo zikakubaliana juu ya hesi ya milimita, pia kwa pembe ya digrii 60. Basi dunia ikawa na koo tatu kubwa za hesi, na kila ukoo ukaona mwingine ndio unaokosea.

MOTO WA BALTIMORE

Gharama ya kutokukubaliana ilionekana waziwazi mjini Baltimore, Marekani. Tarehe 7 Februari, 1904, moto ulizuka katika eneo la biashara la mji huo. Kikosi cha zimamoto cha Baltimore kiliomba msaada, na miji jirani ilituma mitambo na watu kwa treni kutoka Washington, na baadaye kutoka Philadelphia, New York na kwingineko. Watu walifika. Maji yalikuwapo. Lakini mipira mingi ya maji waliyoileta haikuweza kufungwa kwenye mabomba ya Baltimore, kwa sababu hesi za viungio hazikulingana. Moto ule uliwaka kwa zaidi ya saa 30 na kuteketeza majengo yanayozidi 1,500.

Uchunguzi uliofuata nchini humo ulionyesha kwamba vipo viungio vya mipira ya zimamoto vya aina na vipimo tofauti zaidi ya 600. Mwaka 1905 kipimo kimoja cha taifa kikapendekezwa. Tunawaomba wasomaji wetu walitafakari jambo hili. Kilichokosekana siku ile hakikuwa ushujaa wala mitambo. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya umbo la jino.

Vita Vikuu vya Pili vilirudia somo hilo kwa namna nyingine. Kiwanda cha Packard cha Detroit kilipopewa mwaka 1940 kazi ya kutengeneza injini za ndege za Merlin, zilizobuniwa na Rolls-Royce, kililazimika kuchonga hesi za Kiingereza ili vipuri vya pande zote mbili za bahari viingiane, na vyombo vingi vya kuchongea hesi hizo kikajitengenezea chenyewe. Kwa hiyo haikushangaza kwamba tarehe 18 Novemba, 1948, wajumbe wa Uingereza, Kanada na Marekani walitia sahihi mjini Washington makubaliano ya hesi ya pamoja. Waingereza waliiachia pembe yao ya digrii 55 na kuikubali ya digrii 60, na mabonde ya mviringo waliyoyapenda yakaruhusiwa. Hizo ndizo hesi ambazo mafundi huzijua kwa herufi UNC kwa meno makubwa na UNF kwa meno madogo. Mwaka 1965 Uingereza yenyewe iliamua kwamba hesi ya milimita ya kimataifa ndiyo itakayotangulizwa, na hesi ya Whitworth ikaanza kuhesabiwa kuwa ya zamani.

URITHI MCHANGANYIKO WA AFRIKA MASHARIKI

Sisi wa Afrika Mashariki hatukuketi katika mikutano hiyo, lakini matokeo yake yamo ndani ya masanduku yetu ya spana. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896 ililetewa mitambo ya Uingereza, na mitambo hiyo ilikuja na inchi zake. Baadaye yakaja magari ya Kijerumani na ya Kijapani yenye milimita, na matrekta na mashine za Kimarekani zenye hesi ya pamoja. Hata gari la aina moja laweza kubadilika: Land Rover za mwanzo zilikuwa na hesi za Kiingereza, zilizofuata zikachukua hesi ya pamoja, na za baadaye zikaingia milimita.

Matokeo yake ni kwamba bolti pacha wa sura si lazima wawe pacha wa damu. Tuchukue bolti ya nusu inchi. Ile ya Whitworth ina meno 12 katika inchi moja; ile ya UNC ina meno 13. Mtu akilazimisha moja ndani ya nati ya nyingine, itaingia mizunguko michache kisha itakwama, na spana ndefu itamaliza kazi ya uharibifu. Bolti ya robo inchi ni mtego mbaya zaidi, kwa kuwa pande zote mbili zina meno 20 katika inchi. Itaingia, lakini pembe ya jino moja ni 55 na ya jingine ni 60, na mbavu hazitagusana sawasawa.

Hatari kuu kuliko zote ni ile inayodanganya mkono. Bolti ya inchi tatu kwa nane ina unene wa milimita 9.5 hivi. Ikitiwa katika nati ya milimita 10, inaweza kuingia ikiwa imelegea, nayo hushika kwa ncha za meno tu. Fundi huiona imefungwa. Dereva naye huondoka akiwa na imani. Barabara yenye mashimo ndiyo itakayotoa hukumu, na hukumu hiyo haitamwangukia fundi peke yake, bali itawaangukia na abiria.

Katika mabomba ya maji mambo yana desturi yake. Hapa kwetu hesi ya bomba ni ya ukoo wa Whitworth, digrii 55, na bado inatajwa kwa inchi. Bomba la nusu inchi lina hesi yenye unene wa karibu milimita 21 kwa nje, kwa sababu jina la nusu inchi lilitokana na nafasi ya ndani. Bomba la Kimarekani la nusu inchi lina meno 14 katika inchi kama la kwetu, lakini pembe yake ni 60 na unene wake umezidi kidogo. Mtu akiviunganisha, hata akizungusha utepe mweupe mara kumi, kiungo kitatoa jasho.

HESI YA KUSHOTO

Hesi nyingi hukazwa kwa kuzungushwa kuelekea mkono wa kulia. Zipo, hata hivyo, zinazokwenda kinyume, nazo ziliwekwa hivyo kwa makusudi. Pedali ya kushoto ya baiskeli ina hesi ya kushoto ili mwendo wa mguu usiifungue njiani. Malori mengi ya zamani ya Kiingereza yalikuwa na nati za namna hiyo kwenye magurudumu ya kushoto. Katika karakana za kuchomelea, mtungi wa gesi ya asetilini una hesi ya kushoto na ule wa oksijeni una ya kulia, ili mtu asiweze kuvibadilisha kwa bahati mbaya. Nati za gesi iwakayo huwekewa mikato pembeni kama alama ya onyo. Anayeilazimisha nati hiyo kwa nyundo anauvunja mlango uliofungwa kwa ajili ya kumlinda yeye mwenyewe.

YAFAAYO KUFANYWA

Kuitambua hesi hakuhitaji mtambo wa gharama kubwa. Kwanza, pima unene wa bolti kwa kalipa. Pili, pima umbali wa hatua kumi kwa rula. Ukipata milimita 15, basi hatua ni milimita 1.5, na bolti ya unene wa milimita 10 yenye hatua hiyo ndiyo ya kawaida ya kimataifa. Tatu, chukua bolti unayoijua, ulaze meno yake juu ya meno ya ile usiyoijua, kisha uzitazame kuelekea kwenye mwanga. Zikiwa za hatua moja zitakumbatiana mwanzo hadi mwisho. Zisipokuwa, utaona nuru ikipenya.

Pia ni vema kila nati ianzwe kwa vidole kabla ya spana. Nati iliyo halali huenda mizunguko kadhaa bila kugomba. Hasa tahadhari inatakiwa katika plagi za injini zenye kichwa cha alumini. Plagi ya gari ya milimita 14 kwa kawaida ina hatua ya 1.25, na alumini ni laini. Ikianzwa upande, chuma cha plagi kitajichongea njia yake chenyewe, na kichwa cha injini kitahitaji kutobolewa upya. Anayechonga hesi ndani ya tundu naye akumbuke kanuni nyepesi: toa hatua kutoka katika unene wa bolti. Kwa bolti ya milimita 10 yenye hatua ya 1.5, tundu litobolewe kwa keekee ya milimita 8.5.

Tena, kukaza kupita kiasi si usalama. Katika nguvu yote anayoitia fundi kwenye spana, karibu sehemu moja tu katika kumi ndiyo inayobana kwa kweli. Nyingine humezwa na msuguano chini ya kichwa na katika meno. Vilevile meno ya nati hayagawani mzigo sawasawa. Jino la kwanza, lililo karibu na kitu kinachobanwa, hubeba karibu theluthi moja peke yake. Kwa hiyo nati iliyokwisha kuharibika jino la kwanza isihesabiwe kuwa nzima kwa sababu tu mengine yanang'aa.

Karakana yoyote, iwe ya serikali, ya jeshi, ya ushirika au ya mtu binafsi, itafanya vema ikitenga masanduku mawili, moja la inchi na moja la milimita, na kuyaandika kwa rangi. Bolti inayookotwa chini isirudishwe katika sanduku lolote kabla ya kupimwa. Kazi hiyo huchukua dakika chache, nayo humwondolea fundi wa kesho sababu ya kukisia, na humfikisha abiria wa kesho kutwa nyumbani kwake.